Gawanya kwa Tatu

Wachambuzi wengi wa simu mitandaoni hupelekewa simu mpya, wakaichana nailoni mbele ya kamera polepole kama wamenunua wao. Mimi sijapelekewa hata waya. Chaneli yangu inachambua vitu vilivyokwisha kutumika: simu za mkono wa pili, chaja za mkono wa tatu, spika ambazo hata anayeziuza hajui zilianzia kwa nani. Ndivyo tunavyonunua Lamu, na ndivyo tunavyouziana. Upepo wa bahari nao hauna huruma na vyuma. Ukimwona mtu ana simu ya miaka mitatu na tundu la chaji halijaliwa na kutu, mwulize anaiweka wapi usiku.

Kazi yenyewe hailipi. YouTube haimpi mtu wa video ndefu fedha za matangazo mpaka afikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wafuatiliaji wangu mimi, ukitoa ndugu zangu wa Mombasa, wangeenea kwenye mashua moja ya kwenda Shela na nahodha asingehitaji kuwabana. Kwa hivyo kula yangu hutoka kwenye kununua na kuuza. Nikishachambua kitu, nakiuza.

Spika nilimuuzia Ami. Si ami yangu wa damu, ni jirani, lakini amenichapa utotoni vya kutosha kuhesabiwa ndugu. Chumba changu ni sabule, kile chumba cha wageni cha juu, iliyopita juu ya uchochoro kwenye wikio, yaani daraja la nyumba kwa nyumba, mpaka ikagusa ukuta wake, na dirisha langu linatazama moja kwa moja kwenye daka lake, baraza ya mlangoni. Kuta zetu za matumbawe na chokaa ni nene, mtandao huingia ukichechemea, lakini dirisha ni dirisha. Kila kinachosemwa darini kwangu chasikika dakani kwake, na kinyume chake.

Siku ya kununua, Ami aliishika ile spika kwa mikono miwili akaigeuzageuza.

"Betri yakaa?"

"Saa kumi na mbili, Ami."

"Na mayi?"

"Haiogopi. Nenda nayo hata kuvua."

Akanitumia 2,400 kwa M-Pesa palepale. Na kabla hamjanihukumu, hizo saa kumi na mbili ziliandikwa na kiwanda kwenye boksi, mimi nilizisoma tu. Kusoma si kosa.

Sasa ndio ukafika usiku wa posa. Wazee wa kijiji cha Matondoni walikuja kumposa binti wa Ami kwa kijana wao, baada ya sala ya Isha, na vilemba vyao na harufu ya udi inayopanda mpaka kwangu. Mimi sikualikwa. Mazungumzo ya mahari ni ya watu wazima, na Ami hanihesabu katika hao. Nikaona vizuri, usiku utakuwa wa utulivu, nikamalizie video yangu. Kichwa chake kilikuwa: "Usinunue Spika ya Mtumba Kabla Hujaona Hii."

Chini kwa Ami spika ilikuwa imewekwa ndani ya kidaka ukutani, mahali walipokuwa wakiweka vyombo vya kaure zamani, na mwanawe mdogo alikuwa akipiga kaswida kwa simu yake, sauti ya chini ya kusindikizia kahawa. Kisha haluwa ikapungua. Yule mdogo akatumwa mbio Mkunguni, akaondoka na simu mfukoni.

Hapo ndipo mambo ya Bluetooth yanapotaka kuelezwa. Vifaa vya kawaida vya namna hii huwasiliana kwa umbali wa mita 10 hivi. Mwenye simu akitoka nje ya hapo, uzi unakatika. Na spika hainyamazi ikamngoja. Hii hasa huanza kuwatafuta jamaa zake wa zamani, wale waliowahi kuungana nayo na majina yao yangali kichwani mwake. Jamaa wa zamani nilikuwa mimi, juu ya kichwa chake, dirisha wazi, simu mkononi.

Nikabonyeza kucheza. Picha ikaenda, sauti hakuna.

Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza tena, simu ikanionya kwa herufi kwamba kusikiliza kwa sauti kubwa kwa muda mrefu kunaweza kudhuru masikio. Nikakubali. Nikapandisha mpaka mwisho, nikasema kichwani hii simu nayo imekwisha, kesho naiuza.

Huku nyuma nasikia mtu anaongea chini. Sauti nyembamba, ya puani, ya mtu anayejipenda sana. Nikajiuliza hawa watu wa Matondoni wamemleta nani, mbona mshenga wao hana adabu, anapayuka mbele ya wazee? Ninyi mnaojirekodi mnaelewa. Sauti yako mwenyewe huisikia kwa masikio na kwa mifupa ya kichwa pia, ndiyo maana ikitoka kwenye spika inakuwa ya mtu mwingine, na kwa kawaida mtu usiyempenda.

Mimi nikaendelea na kazi, maana picha ilitosha kunionyesha pa kukata. Kulikuwa na pahali pamoja panaponisumbua. Wakati wa kurekodi, punda wa mchukuzi wa mawe alikuwa amefungwa uchochoroni, na nilipofika kwenye maneno ya maana kabisa, akalia. Si kidogo. Alilia kilio chote, mpaka kile cha mwisho cha kuvuta pumzi. Basi nikawa narudisha nyuma, nacheza, natazama mdomo wangu unapofunga, narudisha tena, nikitafuta nukta ya kukata kabla punda hajaanza.

Na huko nje nako punda akalia. Nikamlaani. Nikarudisha, nikacheza. Punda akalia. Nikasonya, nikafikiria kufunga dirisha. Nikarudisha kwa mara nyingine, kidole changu kikaachia, na palepale, sawasawa na mdomo wangu ulipofunga kwenye kioo, punda akalia.

Nikasimamisha. Punda akanyamaza katikati ya kilio.

Nimewaona punda wengi, vichochoro vyetu havipitishi magari na wao ndio malori yetu, lakini sijaona anayenyamaza ukimgusa kioo. Nikatazama juu ya simu, pembeni ya alama ya betri. Kile kialama kidogo cha Bluetooth kilikuwa kimeketi pale, kimetulia.

Haya ya chini nilisimuliwa baadaye, na kila aliyekuwako ana masimulizi yake, lakini wengi wanakubaliana hivi. Kaswida ilikatika. Wazee wakadhani ni adabu ya mwenyeji, kwamba sasa ni wakati wa maneno. Ami akakohoa, akasema yeye hana tamaa, binti ni wao wote, lakini desturi ni desturi, akataja laki na nusu. Kukawa na ukimya wa heshima. Ndipo kidaka kikasema:

"Assalamu alaykum wapendwa wangu! Kama ndiyo mara yako ya kwanza hapa, bonyeza sabskraibu, na kengele usiisahau!"

Mzee mmoja akaitikia salamu. Kuitikia ni wajibu.

"Leo nawafunulia siri. Muuzaji akitaja hesabu yoyote, usibishane naye. Mtazame machoni, tabasamu, kisha gawanya kwa tatu."

Na punda.

"Gawanya kwa tatu."

Na punda.

Ami akainuka kutafuta pa kuizima, lakini kitufe cha ile spika kimezama, na hilo nilikuwa sikulitaja siku ya kuuza. Akaibonyeza kila pahali. Akaitia chini ya mto. Chini ya mto ikasema, kwa sauti ya kaburini, gawanya kwa tatu. Mzee mkubwa wa Matondoni, ambaye muda wote alikuwa amefumba macho akivuta tasbihi, akayafungua, akahesabu kwa vidole, akasema:

"Elfu hamsini. Na punda shahidi."

Wanawake ndani ndio walioanza kucheka, nasikia mama wa binti alilazimika kukalia kitanda. Kisha daka zima. Ami peke yake hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa akisikiliza. Maana mimi huku juu, kabla sijaigundua ile alama, nilikuwa nimeruka mbele kujaribu sehemu nyingine, na kidaka kiliendelea kutoa somo:

"Boksi likisema saa 12, hiyo imepimwa kiwandani, spika mpya, sauti ya kati. Betri za lithiamu huchoka. Ikishachajiwa mara mia kadhaa si ile tena. Nyingine utapata saa nne ukishukuru. Na akikwambia haiogopi maji, mwulize maji gani! Hizi zikiandikwa IPX7, zimetiwa kwenye maji matamu, kina cha mita moja, nusu saa basi. Hakuna aliyezijaribu kwa bahari! Mwenye akili haendi nayo kuvua."

Hapo, wanasema, Ami aliangalia juu dirishani kwangu. Alikuwa ametoka kuvua nayo juzi.

"Weye! Shuka tini!"

Nilishuka. Nyumba zetu zina ngazi nyembamba za mawe, na sijawahi kuziona fupi namna ile. Dakani pale nilisalimia wazee wote mmoja mmoja nikibusu mikono, nikiwa na nia ya kuwasalimia mpaka alfajiri, lakini walikuwa saba tu. Nikamfikia Ami. Mkono wake akaninyima.

"Mbele ya watu hawa," akasema, "niambie. Betri yakaa?"

Sasa, mtu angejibu nini? Nilimwambia kiwanda kilisema kumi na mbili. Akanitazama. Nikasema lakini inategemea sauti, na joto, na umri. Mzee wa tasbihi akadakia, "Mwacheni. Kijana mkweli huyu. Ana video." Kisha akatoa simu yake kwenye kanzu, ile ya vitufe, akanipa. "Na hini waniambiaje? Niliuziwa elfu nne."

Nikasema, basi, kwa sababu nilikuwa nimeshatumbukia, "Mzee, gawanya kwa tatu."

Kutoka hapo posa ikageuka kliniki. Kila mtu akatoa chake. Mmoja alikuwa na saa inayohesabu hatua, akasema ikiwa mkononi inamwambia ametembea wakati amekaa chomboni anapiga makasia. Nikamweleza kwamba inahesabu mtikisiko wa mkono, haijui miguu yako iko wapi. Mwingine alitaka kujua kama ni kweli simu inasikiliza anachosema mkewe. Yule mdogo akarudi na haluwa, simu yake mfukoni, akakuta nimekaa katikati ya wazee, na babake amekumbatia mto.

Mahari yaliishia wapi si yangu kusema. Laki na nusu hayakuwa, elfu hamsini hayakuwa, na harusi iko.

Ila kuna kijana wa Matondoni alikuwa amerekodi. Sikumwona, hawa vijana huweka simu begani wakijifanya wanasoma ujumbe. Klipu yenyewe fupi: mto unazungumza, Ami ameukalia, punda. Kulipokucha nilitumiwa na binamu yangu wa Mombasa, juu yake vile vishale viwili vya WhatsApp vinavyosema imesambazwa mara nyingi, akiuliza, "Huyu si weye?" Imefika Mokowe, imefika Malindi, nasikia iko mpaka Dubai kwa wavulana wetu wanaofanya kazi huko. Watu waliocheka wanatosha chaneli yangu mara nyingi sana, na hakuna hata saa moja kati ya hizo 4,000 iliyoingia kwangu, kwa maana YouTube haihesabu kicheko cha WhatsApp. Ninachopata mimi ni watoto wa madrasa kulia kipunda nikipita. Na pale gatini, abiria akitajiwa nauli, humtazama nahodha machoni, akatabasamu. Manahodha wawili hawaniamkii.

Asubuhi ile ile Ami alibisha hodi. Spika mkononi, bado na manyoya ya mto.

"Mwanangu aniambia waweza kuitenga na simu yako?"

Nikamwonyesha: unafungua mipangilio, unaingia Bluetooth, unaligusa jina lake, unachagua kifaa kisahauliwe. Akasogeza miwani.

"Isahau mbele yangu."

Nikabonyeza. Jina likatoweka kwenye orodha.

"Imesahaulika?"

"Imesahaulika, Ami. Kabisa."

"Vyema." Akakaa kizingitini, akatoa simu yake, akafungua kikokotoo, kidole kimoja, taratibu, akinionyesha kila tarakimu. "Elfu mbili na mia nne. Gawanya kwa tatu. Mia nane ndiyo bei. Salio langu elfu moya na mia sita. Hiyo usiisahau."