Hoja ya pili imetoka wapi? Kuhusu self ya Python

Kila lugha ya programu ya Python inapofundishwa, lalamiko ni lile lile: kwa nini orodha ya parameta (majina ya vitu inavyopokea) ya kila methodi, yaani funksheni iliyo ndani ya klasi, ianze na self, jina la objekti inayofanyiwa kazi? Java na C++ hazidai hivyo. Huko neno this, linalofanya kazi ya self, lipo tayari, ukilihitaji unalitumia. Mwaka 2008 Bruce Eckel, mwandishi wa vitabu vya uprogramu, alipendekeza self iondolewe kwenye orodha ya parameta. Guido van Rossum, aliyeibuni Python, akajibu kuwa itabaki, na imebaki.

Lalamiko lenyewe lina msingi. Tazama klasi hii, yaani kiolezo cha kuundia objekti; __init__ ni methodi inayoendeshwa kila akaunti inapoundwa:

class Akaunti:
    def __init__(self, salio):
        self.salio = salio

    def weka(self, kiasi):
        self.salio += kiasi

a = Akaunti(5000)
a.weka(2000)

Mwanafunzi akisahau self na kuandika def weka(kiasi), klasi inapita bila neno. Tatizo linazuka anapoita a.weka(2000): Python inamwambia methodi inapokea hoja 1 (hoja ni thamani inayopewa methodi inapoitwa) lakini imepewa 2. Anahesabu alichoandika, anaona 2000 peke yake, anahesabu tena. Akiifuta hiyo 2000 kosa linageuka: sasa kiasi kimebeba akaunti nzima, na Python inasema haiijui self. Ujumbe wa kwanza ulikuwa sahihi kabisa, ila haukumsaidia.

Kuna kosa baya zaidi kwa kuwa liko kimya. Methodi ya kufunga akaunti ikiandikwa salio = 0 badala ya self.salio = 0, Python inaunda kigeu cha muda kinachokufa methodi inapoisha, na akaunti inabaki na fedha zake zote. Katika Java mstari huo huo ungefuta salio.

Lakini Java nayo ina shimo lake. Kwenye konstrakta, ambayo ni __init__ ya Java, parameta ikiitwa salio sawa na sehemu ya klasi, mstari salio = salio; unaipa parameta thamani yake yenyewe. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo, inaukubali, na kila akaunti inafunguliwa ikiwa na sifuri. Dawa yake ni this.salio = salio, yaani kuandika waziwazi kile ambacho lugha ilikificha.

Ile hoja ya pili iliyomchanganya mwanafunzi ndiyo somo lenyewe. a.weka(2000) ni ufupisho wa Akaunti.weka(a, 2000), andika huo wa pili, salio litaongezeka vile vile. Objekti iliyo kabla ya nukta inaingia kama hoja ya kwanza, na self ndilo jina la mahali inapotua. Akaunti zikiwa 10,000, weka ni moja tu na iko kwenye klasi; kila objekti inabeba salio lake. Ndiyo maana funksheni iliyoandikwa nje, def toa(self, kiasi), inaweza kupachikwa baadaye kwa Akaunti.toa = toa, na akaunti zilizokwisha kuundwa zikaitumia papo hapo.

Aliyelielewa hilo hanaswi na mtego maarufu wa orodha: miamala = [] iliyowekwa moja kwa moja chini ya class, nje ya methodi yoyote. Orodha hiyo ni moja, mali ya klasi, hivyo a.miamala.append("kuweka 2000") inajitokeza hata kwenye b.miamala, ya akaunti nyingine b. Ihamishie ndani ya __init__ kama self.miamala = [], na kila akaunti itapata yake. Java inauweka mpaka huo kwa neno static. Python inauonyesha kwa self, pale thamani inapowekwa.

Kinachostahili kurekebishwa ni ujumbe wa kosa. Tangu toleo la 3.10 unataja klasi pamoja na methodi, Akaunti.weka(), na hiyo ni hatua nzuri. Ungeongeza tu kwamba mojawapo ya hoja hizo 2 ni objekti yenyewe. Mwalimu naye asingoje: aandike Akaunti.weka(a, 2000) ubaoni kwanza, ndipo aonyeshe a.weka(2000).