Mtoto ana uti: tukilaumu Kiswahili tunakosea, tukilaumu Kiingereza pia tunakosea

Juzi kati hapa dada yangu alituma meseji kutoka Tandahimba, "mtoto kalazwa wanasema ana uti", herufi ndogo zote, halafu simu ikazima. Huku kwetu kusini mtoto akiumwa mjomba ndo wa kwanza kuambiwa, na mjomba ndo mimi, kwahiyo meseji nikaisoma mimi na nikaisoma vibaya. Nikasema uti wa mgongo. Bi mkubwa akakaa chini palepale uani na ungo wa mchele mapajani, jirani akaja, hela ikaanza kuchangwa, mtu mmoja akasema homa ya uti wa mgongo mtoto hata akipona anaweza kubaki kiziwi, na kweli inatokea hiyo, ndo maana tulitetemeka. Saa mbili usiku dada akapata umeme akapiga. Yutiai, ile UTI ya njia ya mkojo. Mtoto keshapewa dawa, anakula ubwabwa.

Niliona aibu, ila nikajikuta nauwaza ule ubishi wa siku zote kwamba madaktari na manesi waongee na kuandika Kiswahili kitupu au wabaki na Kiingereza chao. Maana udaktari Tanzania unasomewa kwa Kiingereza halafu mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili, na huku Mtwara na Lindi kuna bibi zetu ambao hata hicho Kiswahili ni lugha ya pili, kwanza Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Tangu 2021 sheria imeshasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, watu wanauliza mbona hospitali bado cheti kinaandikwa vile vile.

Wanaotaka Kiingereza kibaki wana hoja na sitaki kuwabeza. Wanasema Kiswahili cha magonjwa kimejaa maneno mapacha, na kweli kimejaa. Nyonga na nyongo. Kibofu na kipofu. Kidonda na kidonge. Ukoma, na ukomo wa hedhi. Pumu, na lile neno lingine ambalo ukiongeza b tu umeshatukana mbele za watu (nimeshamsikia mzee mmoja dirishani anamwambia nesi ana tatizo hilo lenye b, foleni nzima ikacheka, nesi akaandika pumu, kumbe mzee wa watu alisema sawasawa kabisa, lilikuwa busha).

Na hapo kwenye busha ndo kuna shida kubwa kuliko hata ya sauti kufanana, kuna neno moja kubeba vitu vitatu. Chukua mshipa. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, halafu kuna mwanaume anayekuja na kusema tu "nasumbuliwa na mshipa" akiangalia chini, huyo anamaanisha busha au ngiri ila haya inambana. Pwani hii ya kwetu matende na mabusha sio hadithi, mbu ndo wanayaeneza na kingatiba zimegawiwa sana vijijini, sasa daktari kijana aliyetoka bara akisikia mshipa akampima mkono na shingo mzee anarudi nyumbani na busha lake na panadol. Kichomi nacho hivohivo, huyu anamaanisha nimonia, yule anamaanisha kitu kinamchoma ubavuni tu. Kwahiyo wakisema cheti kinachopelekwa rufaa kutoka kijijini mpaka hospitali ya Ligula hapa Mtwara au mpaka Muhimbili kiwe na jina moja ambalo kila daktari analielewa, mimi naona wako sahihi, hapo sibishi.

Ila wakienda mbali wakasema Kiingereza hakina mkanganyiko, hapo wananidanganya. Hicho Kigiriki na Kilatini chao kina mapacha wabaya kuliko wetu. Haipatensheni na haipotensheni, herufi moja tu, ya kwanza presha imepanda, ya pili imeshuka. Haipa na haipo zimetoka kwenye Kigiriki, moja ni juu nyingine ni chini ya, na ukiisikia kwenye simu yenye mtandao wa kukatika huwezi kuzitofautisha. (Sisi Waswahili tuna bahati kidogo hapa, ukisikia haipo jua presha "haipo", imeshuka, mimi ndo navyokumbuka, wazungu hawana hiyo.) Halafu wana ilium na ileum, wakitamka zinatoka sawa kabisa, moja ni mfupa wa nyonga nyingine ni kipande cha mwisho cha utumbo mdogo. Yaani hata wao nyonga imewachanganyia na mambo ya tumboni, kama sisi na nyonga na nyongo! Nilicheka sana siku nimejua hilo.

Kwenye dawa ndo usiseme. Lasix ni ya kukojoza maji mwilini, Losec ilikuwa ya asidi ya tumbo, huko Marekani ikabidi mwaka 1990 Losec ibadilishwe jina iitwe Prilosec kwasababu watu walikuwa wanapewa moja badala ya nyingine. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya hukohuko ikaanza kuwataka watengenezaji waandike kwa herufi kubwa ile sehemu ya jina inayotofautiana, mfano haidralazini ya presha na haidroksizini ya mwasho, ili jicho lishtuke. Sasa kama watu ambao Kiingereza ni cha mama yao wamefika huko, mtu asiniambie kikibaki Kiingereza ndo tumepona. Hata hapa kwetu mwandiko wa daktari ukiishia "met" hivi, ni metfomini ya kisukari au metronidazoli ya ameba? Muuza duka la dawa anakisia.

Basi wa Kiswahili nao wanashangilia, wanasema unaona, tutumie chetu. Dada yangu angeambiwa "maambukizi kwenye njia ya mkojo" bi mkubwa asingelia. Nawaelewa na kwa asilimia kubwa niko upande wao, anayekunywa dawa ni mgonjwa sio daktari, lazima ajue anakunywa ya nini. Na ukiangalia vizuri kilichomliza mama yangu ni kifupisho cha Kiingereza kilichodondokea juu ya neno la Kiswahili, kwa mdomo yutiai na uti hazigongani hata kidogo, zinagongana kwenye meseji tu.

Lakini mimi nina wasiwasi mmoja na hao wenzangu. Wanadhani jina refu la Kiswahili litabaki refu. Halibaki. Sisi tunakata kila kitu. Homa ya uti wa mgongo tunaita uti, sukari kupanda na sukari kushuka zote tunaita sukari, mtu anakwambia nina presha basi, ya kupanda au ya kushuka hasemi, halafu jirani mwenye vidonge vya presha anampa viwili kwa upendo kabisa, kumbe yeye ana ya kupanda na mwenzake imeshuka anaona kizunguzungu, anammalizia. Neno la Kiswahili kwenye hiyo habari halina kosa, limekatwa mkia tu. Na mkia ndo ulikuwa na maana yote.

Ndo maana huu ubishi wa lugha gani naona unatupotezea muda kidogo. Kwenye cheti andikeni Kiingereza chenu, kwa mgonjwa semeni Kiswahili kizima na mkia wake, halafu muulizeni arudie kwa maneno yake mwenyewe. Hilo la kurudia ndo hawalifanyi, foleni ndefu, nesi mmoja, naelewa.

Kuna kisa cha baba mdogo wa Newala ambacho kambi zote mbili hazina jibu lake. Kwenye zahanati moja huko aliulizwa kwa Kiswahili safi, "mzee una aleji ya salfa?" Akacheka. Akasema mwanangu mimi salfa napuliza kila mwaka, mikorosho yote ile napuliza mwenyewe na mashine mgongoni, narudi nyumbani wa njano mpaka nyusi, itanifanya nini. Nesi akaridhika, akashika pakiti ya Septrin.

Salfa aliyoulizwa na salfa aliyojibu hazihusiani. Ya korosho ni ule unga wa madini, unapulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Ya hospitali ni familia ya dawa, Septrin imo, SP wanayopewa wajawazito kuzuia malaria imo, na ndo hiyo SP tuliyokuwa tunatibiwa nayo malaria kabla mseto haujaja. Mwili ukiikataa hiyo unaweza kutoka vipele tu, na kuna watu ngozi inababuka mpaka ndani ya mdomo. Mtu anaweza kuoga salfa ya korosho miaka ishirini na bado kidonge kimoja kikamlaza. Sasa hapo utatafsiri nini? Kiingereza zinafanana, Kiswahili tumezichukua zikawa neno moja kabisa.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi anabembeleza mjukuu, akauliza bila hata kusimama, "Baba Hawa, si ndo hiyo ya mwaka ule ulikunywa ukavimba midomo?" Baba mdogo akasema ile ilikuwa SP bwana, sio salfa. Nesi akaguna, akairudisha pakiti kabatini, akavuta cheti akaanza kuandika upya. Aliyefuata dirishani hakumuuliza tena habari ya salfa, alimuuliza, "umewahi kunywa Septrin au SP ukatokwa na vipele?"