Msiwalaumu Wapokeaji wa Iowa kwa Mpira Ambao Hawakurushiwa

Juzi kwa kinyozi, hapa Coralville, mzee mmoja ninayemheshimu sana alitangaza mbele ya watu wote kwamba ugonjwa wa Hawkeyes, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, unajulikana, nao ni wapokeaji wa pasi, vijana wa pembeni wasiojua kudaka. Alisema wana mikono migumu, wanakimbia ovyo, na kwamba timu yenye ulinzi kama ule ingekuwa bingwa wa Big Ten, ligi yake ya vyuo, kila mwaka kama ingepata wapokeaji wa maana. Wote waliokuwa wakingoja zamu waliafiki. Nilimwambia, "Mzee wangu, heshima yako iko palepale, lakini katika hili unawaonea watoto wa watu," kisha nikaitwa kwenye kiti kabla sijaeleza sababu. Sababu zenyewe naziandika hapa, kwa kuwa lawama hii nimeisikia kanisani, kazini na uwanjani, na kila ninapoisikia inaniuma.

Shahidi wangu wa kwanza ni Charlie Jones, na naomba tusimpite haraka. Mwaka 2021 alikuwa hapa kwetu, amevaa nyeusi na dhahabu, akiwa mrudishaji bora wa mipira ya mateke katika Big Ten nzima. Maana yake ni kwamba kila mtu alikwisha kuona kuwa kijana huyu akishika mpira mahali penye nafasi, walinzi hawamwezi. Msimu huo wote alidaka pasi 21 na kupata yadi 323. Ilipofika majira ya kuchipua ya 2022 akaondoka kwenda Purdue, timu ya kundi lilelile la Magharibi, yenye wapinzani walewale na baridi ileile ya Novemba. Huko alidaka pasi 110, akapata yadi 1,361 na tachidauni 12 (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), na mwaka uliofuata Cincinnati Bengals wa ligi ya kulipwa wakamchukua katika raundi ya nne ya uchaguzi wa wachezaji.

Rekodi ya Iowa ya yadi za mpokeaji katika msimu mmoja ni 1,315, aliyoiweka Marvin McNutt mwaka 2011. Kijana aliyekuwa akipata pasi moja au mbili kwa mechi hapa Kinnick, uwanja wetu, alikwenda mwendo wa saa chache mashariki, na katika mwaka mmoja akapata yadi nyingi kuliko mpokeaji yeyote aliyewahi kuvaa jezi yetu. Mikono yake haikubadilika njiani, wala miguu yake haikuongezeka kasi alipovuka Illinois. Kilichobadilika ni kwamba alikuta kocha aliyepanga mashambulizi yake juu ya pasi, na alikuta kwotabeki (mrushaji wa pasi) Aidan O'Connell, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye aliuachia mpira kabla Jones hajageuka kwa sababu alijua atakuwa wapi. Mwaka huo Purdue ndiyo iliyokwenda fainali ya Big Ten kwa tiketi ya Magharibi, baada ya sisi kufungwa na Nebraska nyumbani 24 kwa 17. Nakiri kwamba tuliwafunga Purdue 24 kwa 3 kwao, naye Jones akiwa uwanjani. Hata hivyo, ukweli huo haumsaidii mtu anayedai kwamba hatukuwa na wapokeaji. Tulikuwa naye mmoja, na tukamtumia kurudisha mateke.

Anayetaka kuelewa nasema nini afanye jambo moja akiwa uwanjani: aache kuufuata mpira kwa macho, amchague mpokeaji mmoja wa pembeni na kumtazama yeye peke yake tangu shambulio linapoanza hadi linapokwisha. Nilifanya hivyo msimu wa 2023, nikakata tamaa kabla ya mapumziko. Dauni ya kwanza, yaani jaribio la kwanza kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, ilikuwa mbio za katikati, naye akaingia ndani kumzuia mlinzi mzito kuliko yeye, akazuia vizuri, akainuka na nyasi kwenye kofia. Dauni ya pili ilikuwa mbio tena. Dauni ya tatu zilibaki yadi nane, na hapo sasa kila mtu uwanjani, pamoja na mtoto aliyekaa mbele yangu, alijua kwamba pasi inakuja. Mlinzi wa pembeni alirudi nyuma akitabasamu. Mpokeaji wangu alikimbia, akakata kwa nguvu kuelekea nje, akageuka na mikono tayari kifuani, akiwa na nafasi ya kutosha. Kwotabeki alikuwa bado anatazama upande wa pili, akashikwa miguu, akarusha mpira chini. Kijana alibaki amesimama sekunde moja, akajifuta glavu kwenye taulo la kiunoni, akatoka. Tory Taylor akaingia kupiga panti, teke la kuwaachia wapinzani mpira mbali, na uwanja ukamshangilia Taylor.

Mpokeaji hukimbia kwa kipimo. Hatua zake huhesabiwa, na mpira unapaswa kuwa hewani kabla hajageuza kichwa. Ukimrushia pasi tatu kwa mechi, zote zikiwa katika dauni ya tatu, zote zimechelewa, moja ikapita juu ya kichwa na nyingine ikamfikia pamoja na mlinzi, basi ile ya tatu ikimponyoka usiseme hajui kudaka. Mikono ya mpokeaji hupata uhakika kwa kushika mpira mara nyingi, katika dauni ya kwanza, wakati walinzi bado wanaogopa mbio. Sisi tulipanga wazuiaji wazito wawili kila upande, tukawaambia wapinzani kwa mpangilio wetu wenyewe kwamba tunakimbia, wakajaza watu wanane mbele, kisha tukawageukia wapokeaji na kuwauliza kwa nini hatuna pasi ndefu.

Yapo ya kukubali, nami nayakubali ingawa sipendi. Ni kweli kwamba pasi zilidondoka, na nyingine zilidondoka vibaya. Ni kweli kwamba msimu wa 2023 majeraha yalituandama: mpokeaji Luke Lachey aliumia katikati ya Septemba, kwotabeki Cade McNamara akapasuka goti dhidi ya Michigan State, na mpokeaji Erick All akaumia kule Madison dhidi ya Wisconsin. All alicheza nusu ya msimu tu, na bado yadi zake 299 ndizo zilizoongoza timu nzima hadi mwisho. Deacon Hill, kwotabeki wa akiba, aliingizwa kazini bila kuandaliwa, na ingawa zaidi ya nusu ya pasi zake hazikufika, simlaumu yeye. Alikuwa kijana aliyepewa mashambulizi yaliyokuwa yamekufa kabla yake. Mwaka uliotangulia, bila majeraha hayo yote, tulikuwa wa pili kutoka mwisho kwa yadi nchini. Mwaka huo wa 2022 ndio tuliowafunga South Dakota State 7 kwa 3 bila tachidauni hata moja: teke moja la alama tatu, na mara mbili ulinzi wetu ukawaangusha wapinzani ndani ya eneo lao, kila mara alama mbili. Majeraha yalikuja kuukuta ugonjwa umeshakomaa.

Wapo watakaoniambia kwamba tulishinda mechi kumi mwaka 2023. Tulishinda, na nilizifurahia. Tuliwafunga Wisconsin kwao 15 kwa 6 kwa pasi zenye jumla ya yadi 37. Lakini msimu huohuo Penn State walitufunga 31 kwa 0 tukiwa na yadi 76 mechi nzima, Michigan wakatufunga 26 kwa 0 katika fainali ya Big Ten, na Tennessee wakatufunga 35 kwa 0 siku ya mwaka mpya huko Orlando. Jumla ni alama 92 kwa sifuri dhidi ya timu tatu zilizokuwa na uwezo wa kuzuia mbio zetu. Ulinzi wa akina Cooper DeJean ulistahili fainali yenye ushindani, na haukuipata.

Kuhusu mkataba wa Brian Ferentz, kocha wa mashambulizi wa wakati huo na mwana wa kocha mkuu Kirk Ferentz, na ile shuruti kwamba timu ipate wastani wa alama 25 kwa mechi, mengi yameshasemwa. Beth Goetz, kaimu mkurugenzi wa michezo wa chuo, alitangaza mwishoni mwa Oktoba kwamba Brian hatarudi, timu ikamaliza na wastani wa alama 15.4, na jambo likaisha.

Hoja nyingine inayonikera ni ile ya kwamba Iowa haiwezi kufundisha mtu kudaka. Kwa hiyo George Kittle, T.J. Hockenson, Noah Fant na Sam LaPorta, wote wapokeaji wa ndani (tight end), walifundishwa wapi? Hockenson na Fant walichaguliwa wote wawili katika raundi ya kwanza ya mwaka 2019, nafasi moja, chuo kimoja. LaPorta alipokuwa kwetu mwaka 2022 alidaka pasi 58 na kupata tachidauni moja. Mwaka mmoja baadaye, akiwa mgeni katika ligi ya kulipwa na Detroit Lions, alidaka 86, rekodi ya wakati huo kwa mgeni wa nafasi yake, na kupata tachidauni kumi. Hata pale tulipojua kufundisha, hatukujua kutumia. Wapokeaji wa pembeni hawakupata hata hilo la kufundishwa kwa uvumilivu. Kaleb Brown alitoka Ohio State akiwa na sifa tele, na tulimwona vizuri mara moja, pale Wrigley Field dhidi ya Northwestern, alipodaka pasi ya yadi 23 katika dakika ya mwisho, kisha Drew Stevens akapiga teke la yadi 53 tukashinda 10 kwa 7. Pasi ile ilirushwa kwa sababu muda ulikuwa umetuishia. Kila ninapoikumbuka, najiuliza kwa nini tulingoja muda utuishie.

Mwaka 2024 alikuja Tim Lester, kocha mpya wa mashambulizi, na mambo yakawa nafuu, nami namshukuru kwa dhati. Kaleb Johnson alikimbia yadi 1,537 na kupata tachidauni 21 za mbio, na Kinnick ikachangamka tena. Lakini nafuu hiyo ilitokana na mbio. Kwa pasi tulibaki kule nyuma tulikozoea, na tangu McNutt mwaka 2011 hakuna mpokeaji wa Iowa aliyefikisha yadi 1,000. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo amekwisha kuingia sekondari.

Mpwa wangu ni mpokeaji katika timu ya shule yake hapa jimboni. Wazazi wake walitoka Bukavu, yeye amekulia hapa, na chumba chake kimejaa Hawkeyes toka ukutani hadi shuka la kitanda. Mwaka huu aliniuliza, "Mjomba, mtu akitaka kudaka mpira aende Iowa kweli?" Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia aangalie mipira inarushwa wapi, na kwamba kuipenda timu ni jambo moja na kuikabidhi miaka yake minne ni jambo lingine. Iliniuma kumwambia hivyo. Na kama mimi ninayesimama kila mwisho wa robo ya kwanza kuwapungia mkono watoto walio kwenye madirisha ya hospitali iliyo jirani na uwanja naweza kumwambia mtoto wa dada yangu hivyo, basi hao makocha wa vyuo vingine wanawaambia nini vijana wa Chicago na St. Louis? Wanafungua tu takwimu za Charlie Jones, ukurasa wa 2021 na ukurasa wa 2022, na kazi imekwisha.

Mwaka 2025 alikuja Mark Gronowski, kutoka South Dakota State hiyohiyo tuliyoifunga 7 kwa 3 naye akiwa kwotabeki wao. Baada ya siku ile alitwaa ubingwa wa taifa wa daraja lake mara mbili. Niliiona hatari waziwazi: alikuwa na nguvu, alijua kukimbia, na kocha mkuu anayependa mbio tangu mwaka 1999 angeshawishika kumfanya mkimbiaji mwingine. Kirk Ferentz ametujengea heshima ambayo sitaki kuipunguza hata kidogo. Ombi langu kwake na kwa Lester lilikuwa dogo. Tarehe 30 Agosti 2025 tulifungua na Albany, na wiki moja baadaye tulikwenda Ames kucheza na Iowa State. Dhidi ya Albany tungeshinda hata kama tungekimbia kila dauni, na kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa siku ya kurusha: dauni ya kwanza, robo ya kwanza, kwa wapokeaji wa pembeni, yadi kumi na tano kwenda mbele, tena na tena hata kama mbili tatu za mwanzo zingedondoka. Zikidondoka, warushiwe tena vijana walewale.