Tajiri kaketi nyuma, dereva avuje jasho

Watu wakiona picha ya Rolls-Royce Silver Ghost, gari la kifahari la Uingereza la mwanzoni mwa karne ya ishirini, husifia ukimya wa injini yake na zile taa kubwa zinazong'aa. Mimi jicho langu huenda kwenye kiti cha dereva, na humwonea huruma aliyekikalia.

Kiwanda kiliuza chesesi (fremu ya chini ya gari) na injini tu. Bodi mteja aliiagiza kwa mafundi wengine, kama Barker au Hooper wa London, na huko alichotamani ndicho alichowekewa: mbao, vioo vizito, ngozi, viti vya ziada. Limuzini ikikamilika ilipita tani mbili bila shida, na mhandisi aliyepanga breki hakuwa na la kusema. Breki zenyewe, tangu 1906 mpaka kwenye 1923 hivi, zilishika nyuma tu. Magurudumu ya mbele hayakuwa nazo kabisa. Hebu shuka nalo mlima wenye kona siku ya mvua.

Katikati ya usukani palikuwa na vijiti: cha kuwahisha au kuchelewesha cheche za plagi, cha kupandisha na kushusha mwendo wa injini, na cha kupima mchanganyiko wa petroli na hewa. Kubadili gia bila kelele kulitaka klachi ikanyagwe mara mbili. Na kuugeuza usukani gari likiwa limesimama ilikuwa kazi ya mabega.

Kwa maoni yangu, kilichokosekana si ujuzi. Aliyelipa hakuendesha, basi. Mwaka 1916 Cadillac ya Marekani ilishatoa gari lenye pedali za klachi, breki na mafuta kwa mpangilio uleule wa leo. Mwaka 1919 kampuni ya Hispano-Suiza wakaleta gari la H6 lenye breki magurudumu yote manne, mguu wa dereva ukisaidiwa na nguvu inayotoka kwenye giaboksi. Rolls-Royce (ndiyo, haohao!) waliishia kuchukua leseni ya breki hizo. Matajiri walipoanza kushika usukani wenyewe, ghafla kila kiwanda kikakumbuka kwamba dereva naye ana mikono.

Isipokuwa Ettore Bugatti, mbunifu na mwenye kiwanda cha magari. Yeye akatengeneza gari la Royale: injini ya lita 12.7, urefu unaozidi mita 6, uzito wa karibu tani 3, na breki za waya zinazotegemea mguu mtupu. Hapo huwezi kumsingizia mteja. Ni ukaidi wa mbunifu mwenyewe. Waliolinunua ni 3 tu.