Yule bibi angeachwa amalize rozari yake

Juzi nilikuwa nasubiri boti ya kwenda Unguja, muda bado upo na jua la saa saba linachoma kweli kweli, nikavuka barabara nikaingia zangu St. Joseph, lile kanisa kuu la Wakatoliki la Dar es Salaam. Mimi ni Muislamu lakini pale huwa naingia nikipata nafasi, nakaa benchi la nyuma natulia. Honi za Sokoine Drive zinabaki nje, na ukiinua macho unaona zile mbavu za dari zinavyopanda kutoka kwenye nguzo mpaka zinakutana juu kabisa kwenye ncha, unajikuta umenyamaza bila kuambiwa.

Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja kajitanda kitenge, rozari mkononi, anasogeza punje moja moja kwa kidole gumba, midomo inacheza tu. Mara wakaingia maharusi watarajiwa na mpiga picha wao na kijana wa kushika taa. Mpiga picha akamfuata: "Shikamoo bibi, samahani, tunaomba usogee kule pembeni, unaingia kwenye picha." Bibi akaitikia marahaba, akachukua mkoba wake akasogea, rozari kaibana palepale kwenye punje aliyofikia asipoteze hesabu.

Aisee iliniuma sana. Wajerumani walianza kulijenga lile kanisa 1897, likaisha 1902, na mpaka leo watu wanasali mle. Dari likapandishwa vile, vioo vya rangi vikawekwa nyuma ya altare, ili mtu aliyekaa chini na shida zake macho yampande juu. Sasa aliyekuwa anafanya hicho hasa ni yule bibi, halafu yeye ndo aonekane anaharibu! Kwetu msikitini mtu akiwa anaswali hata kupita mbele yake hatupiti, tunazunguka au tunasubiri amalize.

Haya, picha nazo zina faida, wengi wamelijua kanisa lile kupitia simu, na maharusi siwaombei baya. Ila dakika kumi za kusubiri zingewapunguzia nini? Jamani wapiga picha, angalieni kwanza nani anasali.

Walipoondoka hakuna aliyerudi kumwambia bibi asante. Nikamfuata nikamwambia pole bibi. "Nimeshapoa mwanangu." Akaniuliza nasubiri nini, nikamwambia boti, akasema basi, rozari iliyobaki ataniombea mimi nifike salama.