Roboti ya mkono ije Mbeya, lakini mahindi kwanza

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya wazazi huku kwetu: mtoto mwenye mtindio wa ubongo amefungwa mkono kwenye mashine, anacheza gemu kwenye skrini, na mkono uliokuwa umekaza unanyooka. Kila ikitumwa, mtu anauliza hiyo mashine itafika lini Mbeya.

Sina ugomvi nayo. Ubongo wa mtoto hujifunza kwa kurudia tendo mara nyingi mno, na roboti haichoki kurudia. (Armeo Spring, mashine mojawapo ya mkono kutoka Uswisi, haina hata mota, springi zinabeba uzito wa mkono, mengine mtoto anajifanyia.) Ila mwaka 2019 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 770 waliopata kiharusi. Waliofanyishwa mazoezi kwa roboti hawakuwazidi wa huduma ya kawaida katika kutumia mkono. Watoto si watu wazima, najua. Lakini mazoezi yale yalikuwa mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Piga nauli ya mama wa Ileje na mwanawe, kwenda na kurudi Mbeya mjini, mara 36.

Hela ya kwanza mimi ningeipeleka kwenye mshahara wa mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayemzoesha mgonjwa kupitia kazi za kila siku) atakayekaa Ileje, Chunya, Makete, na kuingia majumbani. Mtoto aliyepooza upande mmoja huutumia mkono mzima na kuutelekeza ule mwingine. Mpe kupukuchua mahindi: mkono mmoja ushike, mwingine usukume punje. Mtaalamu atamlegezea safu ya kwanza, atamkalisha vizuri, wiki ijayo atampa hindi gumu zaidi. Mazoezi ya mikono miwili yenye lengo ni kati ya tiba zenye ushahidi mzuri kwa watoto hawa.

Kikwazo kikubwa atakutana nacho jikoni. Bibi ataona mjukuu anahangaika, atamwambia, "Lete mwanangu, nikusaidie," na mazoezi yameishia hapo. Bibi naye anahitaji kufundishwa, tena kwa adabu, na mtu aliyekaa naye akanywa chai yake.

Mhisani akileta roboti hospitali ya rufaa, tuipokee. Mkataba utaje fundi, vipuri, na nafasi ngapi za wataalamu wa wilayani zinakuja nayo.