Uhura, Gorn na ubishi wa "mbona zamani haikuwa hivi?"

Kila aliyepitia kibanda umiza anaijua sheria: steringi hafi. Akipigwa risasi dakika ya ishirini, tulia, ataamka. Sasa ije tamthilia inayosimulia mambo ya kabla ya tamthilia ya zamani, sheria hiyo inageuka mzigo. Chukua Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga za mbali: Spock hafi, maana tulishamwona mtu mzima mwaka 1966. Uhura naye hafi. Mwandishi atutishe na nini?

Ndiyo sababu ubishi wa Star Trek hauishi, na baridi ya Mbeya inaurefusha, watu wakiwa wamejifunika mablanketi na simu mkononi. Pale Mwanjelwa na Kabwe utakuta kambi mbili. Ya kwanza inasema Discovery, iliyoanza Septemba 2017, na Strange New Worlds ya mwaka 2022, zote za mambo ya kabla ya Star Trek ya kwanza, zimeharibu kazi ya wazee. Ya pili inasema wazee walikuwa na mbao zilizopakwa rangi na taa za kuwaka na kuzima, tuwashukuru tuendelee. Kambi zote mbili zinapigania kitu kidogo na kukiacha kikubwa.

Chukua mandhari ya meli. Discovery inatangulia safari za Kapteni Kirk, steringi wa tamthilia ya zamani, kwa miaka kama kumi, lakini watu wake wanaongea kwa hologramu, picha za mwanga zinazosimama hewani, wakati Kirk anabonyeza vitufe vinavyofanana na peremende. Hiyo ni bajeti tu. Hata ile mashine ya kumhamisha mtu papo hapo kutoka melini hadi ardhini ilibuniwa kwa sababu kuonyesha meli ikitua kila wiki kungekula fedha nyingi mno. Wamarekani hawakuwa na uwezo huo mwaka 1966, leo wanao. Ukikataa hologramu, kataa na rangi.

Sura za Klingon, wale viumbe wapiganaji wa sayari nyingine, ni hivyo hivyo. Miaka ya 60 walikuwa na uso laini, ndevu na rangi ya kupaka. Filamu ya mwaka 1979 ikawapa matuta ya mfupa kwenye paji la uso. Mwaka 1996, kwenye Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, Mklingon Worf aliulizwa mbona ndugu zake wa zamani hawafanani naye, akajibu kwamba jambo hilo hawalizungumzi na watu wa nje. Palikuwa pa kuishia hapo. Lakini mwaka 2005 tamthilia ya Enterprise ilitumia episodi mbili kueleza kuwa ni kirusi kilichotokana na majaribio ya vinasaba, na utani mzuri ukafa. Discovery ikawaleta Klingon wasio na nywele hata moja, kisha msimu wa pili zikaota: walikuwa wamenyoa kwa ajili ya vita. Sawa.

La kuangalia ni hili: tamthilia mpya inapanda wapi? Mkulima wa viazi Uyole hana ugomvi na anayepanda mstari uliobaki wazi. Ugomvi unaanza ukifukua mbegu iliyokwisha kuota. Star Trek ya kwanza, episodi 79 kuanzia Septemba 8, 1966 hadi Juni 3, 1969, iliacha mistari mingi wazi, na mstari mrefu kuliko yote unatuhusu sisi wenyewe.

Jina la Uhura limetoholewa kutoka neno letu uhuru. Nichelle Nichols aliyemwigiza alikuwa akisoma kitabu chenye jina hilo wakati wa kutafutiwa nafasi, na jina likazaliwa hapo. Katika episodi ya kwanza kurushwa, kiumbe kinachojigeuza sura kinamjia kama mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, kwenye "The Changeling", mashine inamfuta kumbukumbu. Nesi Chapel anamfundisha kusoma upya, na Kiswahili ndicho kinachomtoka akikwama. Zaidi ya hapo, misimu mitatu yuko kwenye kiti cha mawasiliano, kifaa sikioni, akifungua laini ili wanaume waongee. Hana wazazi, hana mji, hana hata jina la kwanza. Jina la Nyota tulilisikia kwenye skrini mwaka 2009, miaka 43 baadaye.

Strange New Worlds imepanda hapo hapo. Uhura ni kadeti, ametoka Kenya, familia yake imekufa kwenye ajali, na hana uhakika kama kazi hii anaitaka. Episodi ya pili inamweka ndani ya nyota yenye mkia inayoelekea kuigonga sayari yenye watu, na mlango wa kuielewa unafunguka kwa yeye kuimba. (Msiite kimondo, tafadhali. Jirani zetu wa Mbozi wana kimondo, bonge la chuma la tani kama 16 lililotulia. Nyota yenye mkia ni barafu na vumbi.) Hakuna sentensi ya mwaka 1966 iliyovunjwa, na ukirudi kwenye episodi za zamani, yule dada wa kufungua laini anakuwa mtu.

Kapteni Pike, aliyeongoza meli kabla ya Kirk, ni mfano mzuri zaidi. "The Menagerie" ya Novemba 1966 ilituonyesha mwisho wake: ameungua, yuko kwenye kiti cha magurudumu, hasemi, ana taa tu inayowaka mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana. Mwoga angelikwepa hilo. Discovery, msimu wa pili, inampa Pike mwenyewe maono ya siku hiyo, naye anakubali. Tangu hapo anawapikia mabaharia wake chakula huku akijua ajali inakuja na ni vijana gani atawaokoa. Mwishoni mwa msimu wa kwanza wa Strange New Worlds anajaribu kuikwepa, na gharama inamwangukia Spock. Steringi hafi, lakini kuna kubaya kuliko kufa.

Tukija kwa Michael Burnham, dada wa kulelewa pamoja na Spock ambaye hakutajwa kamwe, kambi ya wazee inapiga kelele bure. Kwenye "Journey to Babel" ya mwaka 1967, Kirk anamshauri Spock ashuke akawasalimie wazazi wake, na ndipo Spock anamwambia kuwa balozi na mkewe waliosimama pale ndio wazazi wenyewe. Mwaka 1989 akatokea kaka wa baba mmoja. Mtu anayeficha baba na kaka atashindwaje kuficha dada?

Penye kosa ni kwenye injini ya kuvu, inayoihamisha meli ya Discovery kwa kufumba na kufumbua. Ikiwepo, safari zote za baadaye zinakosa maana. Dawa yao ya mwaka 2019 ilikuwa kuirusha meli zaidi ya miaka 900 mbele, na kila anayejua akatazwe kuitaja, akiitaja ni uhaini. Hicho ni kiraka cha gundi kwenye tairi la lori linaloshuka mlima.

Na Gorn, viumbe wanaofanana na mijusi. Hapa wazee wana haki, ila hoja yao wanaianzia pabaya. Wanasema kwenye "Arena" ya Januari 1967 Kirk na watu wake hawawajui Gorn, ilhali Pike ameshapigana nao miaka kadhaa kabla. Kweli, lakini tarehe si jeraha lenyewe. "Arena" inasimama juu ya jambo moja: Kirk anatengeneza mzinga kwa salfa, makaa, chumvi ya nitrati na almasi, anamwangusha adui, anashika kisu, kisha anakataa kuua, kwa kuwa ameanza kuelewa kwamba huenda Gorn walikuwa wakilinda eneo lao. Tamthilia mpya iliwafanya wanyama wakali wanaotaga mayai ndani ya miili ya watu. Ndivyo alivyokufa fundi Hemmer mwaka 2022, na kifo kile kiliuma kwa sababu Hemmer alikuwa mpya, hakuwa na kinga ya usteringi. Kama kitisho, safi. Lakini kimefukua mbegu iliyoota. Msimu wa tatu, mwaka 2025, rubani Ortegas anakwama na Gorn mmoja na wanasaidiana kuishi. Inaonekana waandishi nao waliliona shimo.

T'Pring, mchumba wa Spock, ni kesi ndogo ya aina hiyo. Mwaka 1967, kwenye "Amok Time", Uhura anaiona sura yake kwenye skrini na kuuliza ni nani huyu mrembo. Siku hizi tunamwona akifika melini na kula meza moja na Spock, Uhura akiwa kazini humo humo.

Anayetaka kubishana kwa ushahidi asianze na misimu yote, bando halitoshi. Sehemu mbili za "The Menagerie", "Arena", "Amok Time" na "Journey to Babel" ni episodi tano za dakika kama 50. Kwa ubora wa 480 hazifiki GB 3. Ukiweka 1080, zidisha kwa nne. Baadaye msimu wa pili wa Discovery, kisha wa kwanza wa Strange New Worlds wenye episodi kumi. Picha ya zamani ni karibu ya mraba, kwa hiyo mistari myeusi pembeni ni sahihi. Ukiiona imejaza skrini yote na nyuso zimevimba, kuna mtu ameivuta.

Na muulizane mnatazama toleo gani. Kuanzia mwaka 2006 episodi za zamani zilisafishwa na picha za meli zikachorwa upya kwa kompyuta, hivyo wawili wanaweza kutajiana episodi moja na kila mmoja akawa ameona meli tofauti. Kipimo rahisi ni macho ya Gorn wa "Arena". Akikodoa tu bila kupepesa, ni vazi la mpira la mwaka 1967. Akipepesa, mna toleo la kompyuta, na mwenzenu anayeapa kwamba "ya zamani haikuguswa" arudishwe mwanzo.